Chumba Kizima cha Treni: Ushauri kwa Familia za Ngara na Biharamulo Ziendazo Zambia

Familia nyingi za Ngara na Biharamulo hazijawahi kulala ndani ya treni, kwa sababu reli haijafika kwetu. Wa Ngara akitaka kupanda treni hushuka hadi Isaka, mkoani Shinyanga, kupitia Nyakanazi, Runzewe, Ushirombo na Kahama. Wa Biharamulo anaweza pia kwenda Mwanza, hasa tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Safari zetu ndefu zimekuwa za basi, na basi limetuzoesha namna moja ya kukata tiketi: unahesabu vichwa, unatoa wale watakaopakatwa, unalipia viti vya waliobaki. Mzazi anapopanga kuvuka mpaka na familia yake kwa treni inayolala njiani, huenda dirishani na hesabu hiyohiyo, na safari huanza kuharibika hapohapo dirishani. Ushauri wa makala haya ni mmoja, na mengine yote yanatokana nao: katika treni ya kulala, familia inunue chumba kizima, hata kama kitanda kimoja kitabaki bila mtu. Isipoweza, ijiulize upya kama treni ndiyo usafiri unaoifaa.

Kwetu Afrika Mashariki, treni ya vitanda inayovuka mpaka ni ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Reli hiyo yenye urefu wa kilomita 1,860 ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, na kilomita 975 kati ya hizo ziko Tanzania. Treni za SGR za Dar es Salaam na Dodoma, zilizoanza mwaka 2024, ni za viti, na hazihitaji vitanda kwa kuwa safari yake ni ya saa chache. Ile ya Nairobi na Mombasa, iliyochukua nafasi ya treni ya zamani ya vitanda mwaka 2017, nayo ni ya viti hata inapotembea usiku. Kwa kuvuka mpaka imebaki TAZARA, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na treni mbili za abiria kwa wiki kila upande. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba na kampuni ya Kichina wa kuikarabati reli hiyo kwa dola bilioni 1.4, na kazi ya ukubwa huo haiwezi kufanyika bila kugusa ratiba. Kwa hiyo kabla hata ya kuwaambia watoto, piga simu stesheni uulize kama treni ya abiria inatembea wiki unayoitaka, siku gani, na kama inafika Kapiri Mposhi au inaishia njiani. Uliza tena wiki moja kabla ya kuondoka nyumbani. Anayetoka Ngara amekwisha kutumia nauli kubwa na siku nzima barabarani kabla hajaiona stesheni. Hawezi kwenda kubahatisha kama mtu wa Temeke.

Sasa vitanda vyenyewe. Daraja la kwanza la TAZARA lina vyumba vya vitanda vinne, na daraja la pili la kulala lina vyumba vya vitanda sita. Chini yake ni viti, na kwa safari ya usiku mmoja au miwili na watoto sitavizungumzia. Jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha lipa ni kwamba wanaume na wanawake hawachanganywi chumbani. Utaratibu huo uko pia katika treni za kulala za reli ya kati, na ni utaratibu mzuri, kwa sababu unamlinda mwanamke anayesafiri peke yake. Njia ya familia kulala pamoja ni kulipia vitanda vyote vya chumba kimoja. Chukua familia ya baba, mama, bibi mwenye presha, binti wa miaka kumi na tatu na mvulana wa miaka tisa, iliyonunua vitanda vitano tu. Mama, bibi na binti watapangwa chumba cha wanawake, labda na wageni watatu. Baba atapangwa chumba cha wanaume, pengine behewa jingine. Mvulana atalala na nani? Akienda na baba, mama hatapata usingizi. Akibaki na mama, abiria wengine wana haki ya kulalamika. Dawa za bibi ziko katika begi gani? Na treni ikifika mpakani Tunduma, maofisa wa Uhamiaji wakaanza kupita chumba kwa chumba, mama ataulizwa hati za watoto ilhali hati zote ziko kwa baba, mabehewa mawili mbele, katika ujia uliojaa watu na mizigo.

Matatizo hayo yote yana chanzo kimoja, kuigawa familia, na yote yanaondoka kwa tiketi ya kitanda cha sita. Ndiyo maana naona kwa familia ya watu watano au sita, chumba cha daraja la pili kilicholipiwa chote ni bora kuliko vitanda vya daraja la kwanza vilivyotawanyika. Watu hupenda kuuliza daraja gani ni zuri, na swali hilo lina maana kwa anayesafiri peke yake. Familia iulize kwanza chumba kina vitanda vingapi na sisi tuko wangapi, ndipo daraja lijipange lenyewe: watatu au wanne, daraja la kwanza, watano au sita, daraja la pili. Mkiwa saba na mmoja ni mchanga, mtoto atalala na mama yake. Mkiwa wanane, au tisa na mmoja ni mchanga, chukueni vyumba viwili vya daraja la kwanza vinavyopakana, kisha nanyi wenyewe mjigawe, mtu mzima mmoja au wawili kila chumba, kila chumba na hati zake, maji yake na dawa zake.

Kuna watakaosema kwamba kulipia kitanda kisicho na mtu ni anasa, na kwamba mkulima wa kahawa wa Rulenge au mfanyabiashara mdogo wa Lusahunga hana fedha ya kuchezea. Hoja hiyo ni ya kweli na inastahili hesabu, si maneno. Safari kamili ya treni hadi Kapiri Mposhi hupangwa kwa usiku miwili, na mara nyingi inazidi. Familia hiyohiyo ikienda kwa basi na kulala njiani Dodoma au Mbeya, kisha Tunduma, italipa vyumba viwili vya nyumba ya wageni kila usiku, maana watu watano hawaingii chumba kimoja. Weka gharama hiyo kwenye daftari kando ya bei ya kitanda cha ziada, kwa bei utakayopewa stesheni siku hiyo, uone kipi kizito. Halafu ongeza kile kisichoandikwa kwenye risiti: kitanda kile kitabeba mabegi yasiyoenea chini, kitalaza mtoto aliyepata homa mbali na wenzake, na bibi atakaa juu yake mchana akinyoosha miguu. Na kama baada ya hesabu fedha bado haitoshi, basi familia isijidanganye. Iende kwa basi la mchana na kulala njiani, au apunguzwe msafiri mmoja, au safari ingoje mavuno. Kuigawa familia usiku ili kuokoa bei ya kitanda kimoja ndilo chaguo baya kuliko yote matatu.

Hoja nyingine, ambayo naiheshimu zaidi, inatoka kwa wazee wetu: usiku si wa kusafiri. Aliyeishi Biharamulo au Ngara miaka ile ya utekaji wa magari anakumbuka mabasi yakipangwa foleni kusubiri askari wa kuyasindikiza kupita Kasindaga na mapori ya Burigi na Kimisi, sehemu ambayo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Nchi nzima ilikaa miaka mingi chini ya marufuku ya mabasi ya usiku, hadi ilipoondolewa mwaka 2023. Hofu hiyo ilijengwa na damu, na hakuna haki ya kuicheka. Lakini hatari ya usiku barabarani ina sababu zake: dereva aliyechoka, lori lililoharibika bila kiakisi, mtu anayelipita gari jingine kwenye kona, jambazi aliyepanga mawe barabarani. Treni haikutani na lori linalolipita lori jingine, na njia yake inaongozwa kutoka stesheni hadi stesheni. Hata hivyo, hakuna usafiri usio na hatari. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ya reli ya kati ilirudi nyuma kwa kasi mteremkoni huko Igandu, mkoani Dodoma, ikagonga treni ya mizigo, na watu 281 wakafa. Siwezi kumwambia mzee kwamba treni ni salama kabisa. Ninaweza kumwambia kwamba hofu ya Kasindaga haihusu reli, na kwamba hatari ya kila usiku ndani ya treni, ile inayompata abiria wa kawaida, ni wizi wa mabegi na simu. Dhidi ya wizi huo, mlango unaofungwa kwa ndani na watu wanaojuana nyuma yake ndiyo kinga kubwa iliyopo. Tumerudi kwenye chumba kizima.

Ya tatu ni kuchelewa, na hapa nakubali sehemu kubwa ya lawama. Treni ya TAZARA huchelewa. Wakati mwingine saa chache, wakati mwingine nusu siku au zaidi. Basi la moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Lusaka kwa kawaida linatangulia, hata baada ya foleni ya Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka. Kwa hiyo anayekwenda mazikoni, anayewahi miadi ya hospitali, au mwenye tiketi ya ndege kutoka Lusaka, asipande treni hii. Kwa wengine wote, wanaokwenda kumtembelea ndugu Ndola au Kitwe, kuwaonyesha watoto maporomoko ya Mosi-oa-Tunya pale Livingstone, au kuhudhuria mkutano wa kanisa wenye siku kadhaa, kuchelewa ni jambo la kupangia mapema. Weka siku moja tupu baada ya siku ya kufika iliyoandikwa, usiahidi mtu kukupokea saa fulani, na beba chakula cha siku moja zaidi. Pia kuchelewa hakulingani. Saa sita za kusimama Mlimba ukiwa umelala kitandani, watoto wakicheza karata na mlango ukiwa umefungwa, ni kitu tofauti na saa sita za kusimama barabarani mtoto akiwa mapajani. Aliyewahi kulala kabini ya meli ya MV Victoria kati ya Bukoba na Mwanza anaijua tofauti hiyo: meli ikichelewa kutia nanga, mwenye kabini hugeuka upande wa pili akaendelea kulala.

Kuifikia treni kutoka kwetu ni nusu ya kazi, na wengi wanakosea hapa kwa kutaka kumaliza yote kwa mkupuo. Kutoka Ngara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 za barabara. Familia inayoshuka basi stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri, ikakimbilia treni alasiri ileile, inaingia chumbani ikiwa imechoka, watoto wana njaa na hasira, na chakula cha njiani hakijanunuliwa. Njia ninayoipendekeza ni kuikata safari Dodoma: fikeni kwa basi, mlale, kesho yake mpande SGR ya mchana hadi Dar es Salaam, safari isiyofika saa nne kwa treni za haraka. Mlale tena Dar es Salaam usiku mmoja kabla ya treni ya Zambia. Mkumbuke kwamba stesheni ya TAZARA haiko katikati ya jiji pamoja na ile ya SGR. Iko kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, na kwa foleni ya Dar es Salaam umbali huo si wa kudharau mkiwa na mabegi sita. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi isomwe na mtu anayejua hesabu ya saa ishirini na nne, kisha awaambie wote kwa Kiswahili: 15:50 ni saa tisa na dakika hamsini alasiri, na familia imewahi kukosa treni kwa kosa dogo kuliko hilo.

Wapo watakaoona ni upuuzi kuzunguka hadi pwani ilhali ramani inaonyesha Mbeya karibu zaidi, kwa kupitia Kahama na Tabora. Hawajakosea. Kupandia Mbeya kunapunguza usiku mmoja ndani ya treni, na kwa mama mwenye mtoto mchanga hilo ni jambo kubwa. Shida ni kwamba treni inafika Mbeya ikiwa imekwisha beba abiria wa Dar es Salaam, Mlimba na Makambako, na chumba kizima kilicho tupu si cha kutarajia. Kwa hiyo kanuni inabaki ileile: stesheni ya Mbeya ikikuhakikishia kwa tiketi mkononi kwamba chumba chote ni chenu kuanzia pale, pandieni Mbeya bila kusita. Ikikuambia "tutaangalia treni ikifika", nendeni Dar es Salaam.

Hati za safari zinahitaji muda mrefu kuliko tiketi, na kwa watu wa wilaya za mpakani zinahitaji muda mrefu zaidi. Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo mazoea ya kuvuka Rusumo au Kabanga kwenda kwa ndugu Rwanda na Burundi hayasaidii Nakonde. Mtanzania haombi viza kuingia Zambia, lakini anatakiwa awe na hati halali ya kusafiria, na mtoto vilevile awe na yake. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Mwombaji hutakiwa kuwa na kitambulisho cha taifa, cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha mzazi au kiapo kinachokidhi badala yake. Hapo ndipo familia nyingi za Ngara hukwama. Wilaya iliyopokea wakimbizi wapatao robo milioni ndani ya siku chache, mwishoni mwa Aprili 1994, na ambayo watu wake wanasema lugha inayoelewana na Kirundi, haikosi kuulizwa maswali ya uraia. Maswali hayo yanaudhi mtu ambaye babu yake kazikwa Murusagamba, lakini hasira haitoi pasipoti. Kinachosaidia ni kuanza mapema: vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote vipatikane kwa wakala wa usajili, RITA, miezi mingi kabla ya safari, majina yaandikwe sawasawa katika kila karatasi, na ushahidi wa wazazi uwe tayari. Mzazi anayesafiri na watoto bila mwenzake abebe barua ya ridhaa ya mwenzake iliyothibitishwa na mwanasheria, pamoja na nakala ya vyeti. Ofisa anayemuuliza mtu mzima aliye na watoto wanne wenye majina ya ukoo tofauti anafanya kazi ya kuzuia usafirishaji haramu wa watoto, na amjibu kwa karatasi badala ya kupandisha sauti.

Suala la afya nalo lina sura ya kwetu. Januari 2025 ugonjwa wa virusi vya Marburg ulitangazwa kuwa umezuka Biharamulo, na tarehe 13 Machi mwaka huohuo ukatangazwa kuwa umekwisha. Kabla yake, mwaka 2023, uliwahi kutokea Bukoba. Msafiri wa Kagera asishangae akiulizwa mpakani ametoka wapi na kama ana homa. Ajibu kweli. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huulizwa mara nyingi katika mipaka ya ukanda huu. Kinaanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchanjwa, kwa hiyo kuchanja siku ya kuondoka hakusaidii, na mtoto wa chini ya miezi tisa kwa kawaida hapewi chanjo hiyo. Mtoto akiwa na homa siku ya safari, ahirisheni. Fedha ya tiketi inauma, lakini homa katikati ya Mpika na Serenje, mbali na daktari, inaua.

Mkishaingia chumbani, kazi ya kwanza ni kugawa vitanda kabla watoto hawajagombania. Vya chini ni vya bibi, mama mwenye mtoto mdogo, na yeyote anayeamka usiku mara nyingi. Vya juu ni vya vijana na baba. Njia hii ina mtikisiko mkubwa sehemu nyingine, na mtoto wa chini ya miaka sita asilazwe juu hata akilia. Mabegi makubwa yaingie chini ya vitanda, lenye hati na fedha lilaliwe. Chumba kisiachwe tupu hata dakika tano: wawekeni zamu, mmoja abaki wengine wanapokwenda kula. Usiku treni inaposimama stesheni, dirisha lifungwe, maana mkono unaochukua simu iliyowekwa karibu na dirisha hauhitaji kuingia ndani. Maji ya chooni hukauka kadiri safari inavyosonga, kwa hiyo dumu la lita tano la kunawa, sabuni na karatasi za chooni ni vya lazima, mbali na maji ya kunywa. Behewa la chakula huuza wali, ugali, kuku na samaki, na mhudumu anaweza kuwaletea chumbani, lakini treni ikichelewa sana na chakula hupungua. Mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, mkate, karanga na ndizi mbivu vinatosha kuvusha siku ya ziada. Bonde la Kilombero lina joto na mbu wengi, na kufunga chandarua juu ya vitanda hivyo ni kazi, basi vaeni mikono mirefu na mjipake dawa kabla ya jua kuzama. Baada ya hapo reli inapanda nyanda za juu. Karibu na Uyole inafika mita zaidi ya 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni au Julai baridi yake haina tofauti na ya vilima vya Ngara asubuhi. Masweta yawe juu ya begi, yasiwe chini.

Je, kanuni ya chumba kizima inafaa kwingine nje ya nchi? Inafaa, ila mahali pengine inabidi ibadilike sura. Shirika la reli la Austria, lenye treni za usiku katika miji mingi ya Ulaya, linauza chumba kizima kwa familia kama bidhaa ya kawaida, na Mtanzania aliyeko kule na watoto wake hana haja ya kubuni chochote. India ni tofauti, na inatuhusu kwa sababu Watanzania wengi wanakwenda huko kutibiwa Chennai, Hyderabad au Delhi, mara nyingi na ndugu wawili watatu wa kumuuguza mgonjwa. Mabehewa mengi ya kulala ya India hayana milango ya vyumba: katika daraja la kawaida la kulala na lile la vitanda vya ngazi tatu lenye kiyoyozi, kila sehemu ina vitanda sita vinavyokabiliana na viwili vya kando ya ujia, vyote wazi. Huwezi kununua mlango usiokuwapo. Unachonunua ni ujirani: tiketi zote zikatwe kwa mkupuo mmoja, mgonjwa apate kitanda cha chini, na anayemuuguza awe juu yake au mbele yake. Daraja la kwanza lenye kiyoyozi ndilo lenye vyumba vya milango, vya watu wawili au wanne. Tangu Novemba 2024 tiketi za kawaida hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na njia zenye watu wengi hujaa haraka. Tiketi ya aina ya RAC, inayowakalisha abiria wawili kwenye kitanda kimoja cha kando hadi nafasi ipatikane, isikubaliwe kamwe kwa mgonjwa, hata wakala aseme nini. Mtoto wa chini ya miaka mitano husafiri bure asipopewa kitanda, na hapo pia naona ni heri kumlipia kitanda chake.

Tukirudi kwenye njia yetu, Kapiri Mposhi ni mji mdogo, kiasi cha kilomita 200 kaskazini ya Lusaka, na safari ya kwenda Lusaka, Ndola au Livingstone inaendelea kwa basi. Treni iliyochelewa inaweza kuwafikisha saa nane usiku. Saa zenu zirudishwe nyuma kwa saa moja, maana Zambia iko nyuma ya Tanzania, na mwe na kwacha kidogo mlizobadilisha kabla, zilizohesabiwa mara mbili mbele ya aliyewapa. Mkifika gizani msitoke stesheni na watoto kutafuta gari. Kaeni pamoja ndani, mahali penye taa na abiria wengine, hadi kupambazuke. Asubuhi, kabla ya kupanda basi la Lusaka, mtu mmoja aende dirishani akaulize treni za kurudi, aandike siku zake, na kama mauzo yamefunguliwa akate chumba kizima palepale. Treni zikiwa mbili tu kwa wiki, familia itakayorudi kutoka Livingstone ikitegemea kupata vitanda siku ya safari inaweza kujikuta ikingoja siku tatu Kapiri Mposhi, ikilipia nyumba ya wageni kila usiku.